Kwa Pikipiki Juu ya Korongo la Ma Pi Leng

Safari za vijana wetu siku hizi zimepita mipaka waliyoijua wazee wao. Yupo aendaye Hanoi kwa masomo, na yupo aendaye kwa biashara. Naye akishatua mzigo wake husikia kwa wenzake habari za korongo la kaskazini, linalotembelewa kwa pikipiki ya kukodi. Ukurasa wetu wa mwezi huu ni wa kijana huyo, na ni wa wazazi wake waliobaki nyumbani pia.

Korongo hilo liko kaskazini kabisa mwa Vietnam, karibu na mpaka wa China, katika nchi iliyokuwa mkoa wa Ha Giang mpaka 2025, ulipounganishwa na mkoa wa Tuyen Quang. Kutoka Hanoi mpaka mji wa Ha Giang ni kama kilomita 300 kwa basi, na hapo ndipo pikipiki hukodiwa. Mzunguko wa milimani huchukua siku tatu au nne. Mto Nho Que, uteremkao kutoka Yunnan, umelikata jabali la chokaa hata kuta zake zimesimama mamia ya mita juu ya maji, na maji yenyewe ni ya kijani kibichi. Barabara haifuati mto. Imechongwa juu, ubavuni mwa mlima, na apitaye hapo hutazama chini kama aliye juu ya mnara.

Barabara hiyo huitwa Barabara ya Furaha. Ilianza kujengwa 1959 ikamalizika 1965, nayo yapata kilomita 185 toka Ha Giang mpaka Meo Vac. Walioijenga ni vijana wa kujitolea zaidi ya elfu moja, wa makabila mbali mbali, na silaha zao zilikuwa nyundo, mitaimbo na baruti. Mahali pa Ma Pi Leng palikuwa pagumu kupita pote. Kundi dogo la vijana hao lilijifunga kamba, likaning'inia katika uso wa jabali, likachonga kwanza mahali pa kuweka mguu. Kazi hiyo peke yake ilidumu miezi kumi na mmoja. Wako waliokufa kazini, wala hawakuiona gari ya kwanza ikipita. Kabla ya hapo mizigo ilipita kwa mabega ya watu na migongo ya farasi. Kwa maoni yetu, ajuaye habari hii huitazama barabara kwanza, ndipo akautazama mto.

Wenyeji walio wengi ni watu wa kabila la Hmong. Ardhi yao ni mawe matupu, basi hupanda mahindi katika mianya ya mawe, pengine kwa udongo uliobebwa kwa kikapu mgongoni. Mahindi hayo husagwa na kupikwa kwa mvuke, na chakula hicho huitwa men men. Mtu aliyelelewa kwa ugali hatahitaji kufundishwa namna ya kukila. Lakini Mwislamu na aulize kabla ya kula mboga, kwani mafuta ya nguruwe hukaangiwa hata vyakula visivyo na nyama. Wali mweupe, mayai ya kuchemsha na matunda havina shaka. Kibla nayo imkumbushe kuwa yu mbali: kwetu pwani tumezoea kuelekea kaskazini, ilhali huko Makka iko upande wa magharibi.

Jambo la pili ni pombe ya mahindi. Katika nyumba za kulala wageni hunyweshwa kila mtu wakati wa chakula cha usiku, kwa ukarimu wala si kwa uovu, na asubuhi wageni wale wale hupanda pikipiki. Sheria ya Vietnam tangu 2020 haimruhusu dereva kuwa na kilevi mwilini hata kidogo. Anayekataa kwa adabu, mkono kifuani, hachukiwi.

Sasa tuje katika pikipiki yenyewe, maana hapo ndipo hatari ilipo. Wageni wengi huchagua skuta isiyo na gia, kwa sababu ni nyepesi kuendesha mjini. Katika mteremko mrefu skuta ya namna hiyo haizuiliwi sana na injini yake. Mzigo wote huangukia breki. Breki zikishikwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hulegea, hapo hapo penye kona. Pikipiki ya gia hushushwa kwa gia ndogo, injini ikaishika, breki zikapumzika. Basi asiyejua gia asidhani kwamba skuta imemwokoa na ujinga wake. Imeuahirisha tu mpaka mteremkoni.

Na leseni je? Mwenye duka aghalabu hukabidhi ufunguo bila kuuliza mengi, kwa kuwa biashara ni biashara. Polisi wa njiani huuliza. Kibali cha kimataifa wanachokikubali ni kile kilichotolewa kwa mkataba wa 1968, tena kiwe na idhini ya pikipiki. Chenye idhini ya gari peke yake hakitoshi. Kila mtu na aulize kwao kibali chake ni cha mkataba upi kabla hajapanda ndege. Faini ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba kampuni za bima hukataa kulipia matibabu ya aliyeanguka bila leseni halali, na mguu uliovunjika mbali na hospitali kubwa huweza kuwa deni la jamaa nzima. Wazazi wanaosoma hapa wamwulize mtoto wao swali hili kabla ya kumwuliza habari za picha.

Iko njia nyingine, nasi twaipenda zaidi: kupanda nyuma ya dereva mwenyeji. Madereva hao ni wengi, kona wanazijua, na ukungu ukishuka wao hujua lini kusimama. Abiria huwa huru kutazama korongo, jambo ambalo mwendeshaji hawezi kulifanya ila akisimama. Ghali kidogo, ni kweli. Miezi ya mvua, toka Mei mpaka Septemba, mawe huporomoka barabarani, na hapo hata aliye hodari na aikubali njia hii.

Kutoka juu ya Ma Pi Leng iko njia ndogo ishukayo mpaka mtoni, ambako mashua huwachukua wageni katikati ya kuta za Tu San, mahali korongo linapobana kabisa. Njia hiyo ni nyembamba na kali kuliko barabara kuu. Wenyeji huwashusha watu kwa pikipiki zao kwa ujira mdogo, na skuta ya kukodi huachwa juu.