Tumbo la Askari na Chungu cha Maharage

Mtu apitaye Kibenga saa saba za mchana, huko kusini mwa Bujumbura karibu na Ziwa Tanganyika, hakosi kumwona askari ameketi kwenye benchi la mgahawa mdogo, bunduki kati ya magoti, sahani ya maharage na ugali wa muhogo mbele yake. Hula kwa haraka. Mwenzake yuko lindoni angoja kupokewa, na dakika zilizosalia azijua yeye na sajini wake. Robo saa baadaye amesimama njia panda, mkanda umekazwa, jua li utosini, na tumbo limejaa kama ngoma. Kuketi hawezi, kulegeza mkanda mbele za watu hawezi, na kusema kinachomsumbua ni aibu, kwani akisema wenzake watacheka.

Sisi hatuoni la kuchekesha. Askari aliyevimbiwa husikiliza tumbo lake kuliko barabara. Anayelinda benki, anayeongoza magari, anayekaa doria usiku ufukoni, wote watakiwa wawe na akili pale walipo, wala si chini ya kifungo cha sare. Hata hivyo jambo hili huzungumzwa kwa njia tatu tu makambini: kwamba maharage ni chakula kibaya, kwamba kijana ana tumbo dhaifu, au kwamba kuna aliyemtilia kitu. Zote tatu twazikataa. Sehemu kubwa ya shida hii hutokana na namna chakula kilivyopikwa na namna kilivyoliwa, na hayo ni mambo ya ratiba na ya amri kama yalivyo mambo ya tumbo.

Tuanze na maharage, maana ndiyo yanayoshtakiwa kwanza. Burundi ni miongoni mwa nchi ambazo watu wake hula maharage mengi zaidi duniani, na si kwa bahati mbaya. Chakula hiki humpa mtu asiyepata nyama kila siku protini, madini ya chuma na nguvu ya kudumu hadi jioni. Lakini ndani yake mna sukari za namna ya peke yake, ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mdogo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hupita zilivyo hadi utumbo mpana, na huko bakteria huzipokea na kuzichachusha kama pombe ichachavyo mtungini. Kinachotoka ni gesi. Hiyo ndiyo riahi waliyoijua wazee, na kila mtu anayo, awe kuruta au jenerali. Kuitoa hata mara ishirini kwa siku si ugonjwa.

Basi jambo si kuyakimbia maharage, bali ni kuyapika ipasavyo. Yakilowekwa usiku kucha, saa nane hadi kumi na mbili, sehemu ya sukari hizo hutoka na kubaki majini. Maji hayo yamwagwe, yatiwe mengine safi, ndipo chungu kiwekwe motoni. Mpishi anayepikia katika maji yale yale ya kulowekea, kwa sababu kisima kiko mbali au mfereji umekauka, huwarudishia askari gesi aliyokwisha kuitoa. Zaidi ya hayo, maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili ambayo humtapisha na kumharisha mtu katika saa chache, hata akila punje chache tu. Sumu hiyo huondolewa na maji yanayochemka kwa nguvu, si kwa moto wa kufifia. Makaa ni ghali mjini, hilo twalijua. Lakini sufuria inayoepuliwa mapema ili kuokoa makaa hulipwa kwa dawa na kwa watu waliolala zahanati.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo madogo ya jikoni yasiyostahili kuandikwa kwa ajili ya majeshi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vita ambavyo vilifika mpaka hapa kwetu pale majeshi ya Ubelgiji yalipoiteka Usumbura mwaka 1916, Waingereza walikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu kote Afrika Mashariki. Jina la Kiingereza la kikosi chao liligeuzwa vinywani mwa watu likawa Kariakoo, na mtaa wa Dar es Salaam waliko kuwa na kambi wabeba jina hilo mpaka leo. Hesabu itajwayo mara nyingi ni kwamba wapagazi wapatao 95,000 walikufa, na wapo wasemao kwamba walizidi hapo. Walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, na kuhara damu kulikuwa mbele. Watu waliokulia kwenye ndizi walipewa ghafla unga wa mahindi, wakaupika haraka jioni kwa kuni mbichi, kila mtu na kikopo chake, baada ya mwendo wa siku nzima. Wakala ukiwa nusu mbichi, na matumbo yao yakachubuka na kufungulia mlango kila ugonjwa. Madaktari wa jeshi walipoelewa, walihimiza chakula kipikwe kwa pamoja, katika masufuria makubwa, kwa muda wa kutosha, na watu waliofundishwa kupika. Kwa wengi ilikuwa imechelewa.

Twatoka kwenye chungu, twaja kwenye mlaji. Askari hufundishwa kufanya kila kitu kwa haraka, na kula nako huingizwa humo. Lakini alaye kwa haraka humeza hewa pamoja na tonge, na hewa hiyo hujaa tumboni kabla hata maharage hayajaanza kazi yake. Sigara humezesha hewa. Soda na bia hutia gesi moja kwa moja. Na wapo wengi, hasa wa zamu za usiku, ambao hawaonji kitu tangu alfajiri hadi jioni, kisha hukaa mbele ya sahani moja ya kuwatosha watatu. Tumbo lililofungwa siku nzima hutandazwa kwa nusu saa, na juu yake mkanda wa kazi. Mkanda ukikazwa sana juu ya tumbo lililojaa, asidi husukumwa kurudi juu kooni, ndipo mtu aungue kifuani na kucheuka uchungu usiku kucha. Hatuombi askari avae ovyo. Twasema tu kwamba mkanda una matundu zaidi ya moja.

Wa kwanza kuona kwa macho yake namna tumbo la mtu aliye hai lifanyavyo kazi alikuwa mganga wa jeshi. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya, na jeraha lake likapona huku likiacha tundu lililofika tumboni. William Beaumont, daktari wa ngome, alimtibu, kisha kwa miaka kadhaa akawa anatia vyakula katika tundu lile kwa uzi na kuvitoa ili avitazame. (Kama kijana yule alipendezwa na kazi hiyo ni habari nyingine, alitoroka zaidi ya mara moja.) Katika kitabu alichokitoa mwaka 1833, Beaumont aliandika kwamba wali uliochemshwa ulisagika katika muda wa saa moja, lakini nyama ya nguruwe yenye mafuta iliyookwa ilichukua zaidi ya saa tano. Aliona pia kwamba hasira iliharibu usagaji wa chakula. Askari anayekula mishikaki yenye mafuta saa nne za usiku, kisha akajilaza chali, na ajihesabie mwenyewe nyama hiyo itakuwa wapi saa nane.

Wengine huumizwa na maziwa mabichi, kwa kuwa watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kusaga sukari yake. Maziwa yaliyoganda huwatendea wema zaidi. Wengine huvimbiwa kwa mabadiliko tu. Vikosi vya Burundi vilianza kwenda Somalia mwezi Desemba 1907 na mia moja ikiongezwa, yaani 2007, na wengi wamekwenda na kurudi tangu hapo. Aliyekaa miezi akila mchele na vyakula vya makopo, akirudi nyumbani na kupokewa kwa sufuria la maharage, tumbo litamlalamikia. Na aanze kwa kidogo, aongeze siku kwa siku. Baada ya majuma machache bakteria wa tumboni huzoea na gesi hupungua.

Ni nini basi cha kufanya wakati tumbo limekwisha kujaa? Kutembea polepole robo saa baada ya kula husaidia kuliko dawa nyingi zinazouzwa. Chai ya tangawizi isiyo kali haina ubaya. Kulala mara tu baada ya kula kwaongeza kiungulia. Soda ya kuokea mikate, ambayo wengine huikoroga kwa vijiko na kunywa, yenyewe hutoa gesi inapokutana na asidi ya tumbo, na mtu aliyeshiba kupita kiasi hujitia hatarini kwa kuinywa. Lakini lililo baya kuliko yote ni vidonge vya maumivu. Askari mwenye mgongo unaouma kwa mizigo humeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku, tena kabla ya kula, kisha hushangaa kwamba tumbo limeanza kuwaka. Vidonge hivyo hula utando wa tumbo na kuleta vidonda. Kuvimeza ili kutuliza tumbo lenyewe ni kumpa mwizi ufunguo.

Kuhusu vidonda vya tumbo, bado twasikia wakubwa wakiwaambia vijana kwamba ni maradhi ya mawazo. Ilikuwa imani ya madaktari pia, mpaka Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walipoonyesha katika miaka ya 1980 kwamba bakteria aitwaye Helikobakta ndiye chanzo cha vidonda vingi. Marshall alimnywa bakteria huyo mwenyewe mwaka 1984, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Maana yake kwa askari wa Kibenga ni hii: kidonda chake chaweza kupimwa na kutibiwa kwa dawa za majuma mawili hivi zilizoandikwa na daktari, wala hana sababu ya kuishi nacho miaka kumi akiambiwa apunguze mawazo. Vivyo hivyo kwa yule ambaye tumbo hujaa kila siku na choo chake ni cha mafuta chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida. Huenda amekunywa vijidudu katika maji, na maji ya ziwa yasiyochemshwa si maji ya kunywa hata yakionekana meupe.

Na hapa twaomba tusikilizwe kwa makini, kwa sababu kicheko cha wenzake chaweza kumuua mtu. Madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki waujua vizuri ugonjwa wa utumbo kujisokota, ambao huwapata hasa wanaume. Tumbo hufura kwa saa chache, huuma, na mgonjwa hawezi kutoa choo wala upepo. Huyo hana gesi ya maharage. Utumbo uliojisokota hukosa damu na kuoza, naye ahitaji hospitali usiku huo huo, si asubuhi baada ya gwaride. Tumbo lililokuwa gumu kama ubao, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni: hayo yote ni ya daktari. Mwenye umri mkubwa anayehisi kiungulia pamoja na jasho jembamba, na maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono, huenda moyo ndio unaomwita. Na askari wa kike aliyepita miaka hamsini, ambaye tumbo lake limeanza kujaa karibu kila siku kwa majuma, apimwe mirija na vifuko vya uzazi kabla ya kupewa dawa ya gesi.

Twawageukia wakuu wa vikosi na wa vituo vya polisi. Kuruta hawezi kuamua apewe dakika ngapi za kula, wala hawezi kuingia jikoni na kumwuliza mpishi maharage yalilowekwa lini. Ninyi mwaweza. Dakika ishirini za kula kwa utulivu, kabla ya kupokezana lindo na si baada ya filimbi, hazitaangusha ulinzi wa mji. Askari asemaye kwamba tumbo lamwuma aandikwe katika daftari la wagonjwa kama aandikwavyo mwenye homa, pasi na maneno ya kumdhalilisha. Na mpishi apewe mapipa mawili yenye vifuniko, maji ya kutosha kwa yote mawili, na makaa yasiyopunguzwa njiani; maharage ya kesho yawe majini kabla ya tarumbeta ya kulala.