Mtumba: Mama Anakula Mlenda, Sisi Tunauziwa Wali

Wadau, mbukwenyi! Kwa wale wasiofahamu, hiyo ni salamu ya Kigogo, na leo nina sababu ya kuanza nayo.

Leo siandiki habari za vikao wala mikutano na waandishi. Naandika habari za msosi. Wanaonifahamu wanajua kwamba kwenye kula sina utani, na ukinialika kwako nitaingia hadi jikoni kuuliza umeweka nini kwenye mchuzi. Lakini ya leo si ya kusifia tu sufuria la mtu. Kuna jambo linanikera, na ndani yake kuna aibu yangu mwenyewe ambayo nitaitoa hapa hapa.

Tuanze na Mtumba. Miaka kumi iliyopita ungemwambia mtu wa Dar kwamba unaenda Mtumba, angedhani unaenda Karume kununua nguo za mitumba. Hii ilikuwa sehemu ya wakulima na wafugaji, nje ya mji wa Dodoma, upande wa barabara ya kwenda Morogoro. TANU iliamua tangu mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, watu wakasubiri, wengine wakazeeka wakisubiri. Julai 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama kweli, na Aprili 2019 akauzindua Mji wa Serikali hapa Mtumba. Leo wizara zimejipanga kwenye maghorofa, lami inapita, na mimi mwandishi mchanga huja karibu kila wiki kutafuta habari.

Ikifika saa saba mchana, njaa haijali kama wewe ni mkurugenzi au dereva. Kuna wanaokula kwenye migahawa ya ndani, na kuna sisi tunaowafuata mama lishe. Menyu unaijua hata kabla hujakaa: wali maharage, wali nyama, ugali sembe na samaki, ndizi siku ukibahatika, na chipsi mayai kwa wasiotaka kusubiri. Mimi sibagui, vyote nakula. Kuna mama mmoja maharage yake ya nazi yanaweza kumfanya mtu asahau anakopeleka barua.

Lakini hebu itazame hiyo sahani. Mchele umetoka Mbeya au Shinyanga. Sato ametoka Ziwa Victoria. Nazi imetoka Pwani. Mahindi ya sembe aghlabu yametoka Nyanda za Juu Kusini. Kwa shilingi 3,000 unaizunguka Tanzania karibu yote, kasoro Dodoma uliyokalia.

Sikuwa nimeliwaza hilo hadi Jumanne moja mwezi uliopita. Mkutano ulichelewa kuanza, ukachelewa zaidi kuisha, nikafika kwa yule mama wa maharage saa tisa na nusu. Masufuria yameshaoshwa. Nikazunguka nyuma ya banda nimuulize kama hata ukoko haupo. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda na binti anayemsaidia, katikati yao ugali wa uwele ule wa rangi ya kijivu, na bakuli la mlenda lenye karanga, moshi bado unatoka.

Unajua alifanya nini? Alivuta mfuniko akafunika bakuli.

"Karibu mwanangu, ila hiki si chakula chako," akasema. "Hiki chetu tu sisi wa kijijini."

Jamani. Nilisimama pale sina la kusema, kwa sababu mimi ni Mgogo. Mama yangu kanilea kwa mlenda. Bibi yangu alikuwa akiuanika juu ya mkeka kila masika, anauponda, anauhifadhi ndani, na kiangazi chote tunakula wakati majani nje yamekauka. Na huyu mama, mtu wa kwetu kabisa, alinitazama na shati langu na kitambulisho shingoni akaona mgeni.

Sasa aibu yenyewe hii hapa. Nilipokuwa chuoni Dar, rafiki zangu walikuwa wakiuita mlenda "kamasi". Siku moja mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Eti wewe wa Dodoma, ni kweli mnakula ile kitu?" Nikacheka, nikajibu, "Aah, hiyo ya wazee wa vijijini, kwetu hatuli." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani nikala mlenda siku tatu mfululizo kama mtu aliyetoka jela.

Kwa hiyo yule mama alivyofunika bakuli nilielewa. Alifanya alichofanyiwa, na mimi ni mmoja wa waliomfundisha.

Nikamwambia, "Mama, mimi mtoto wa kwenu. Nitengee." Akanitazama, akacheka hadi akashika magoti, kisha binti akaleta maji ya kunawa. Ugali wa uwele una ladha yake, kama umekaangwa kidogo, na hauhitaji nyama kuusindikiza. Unamega, unaubonyeza shimo kwa dole gumba, unachota mlenda, unazungusha mkono kuukata ule uzi, halafu unameza. Ukijifanya kuutafuna umeshakosea.

Mapishi yenyewe, kwa wale mliozaliwa mjini, si uchawi. Chemsha maji, weka magadi kiasi kidogo sana, nyanya na chumvi. Nyunyiza mlenda wa unga huku unakoroga usifanye mabonge. Ukishaanza kuvuta, tia karanga zilizopondwa, koroga, acha zichemke ziive. Usifunike sufuria, litamwagikia jikoni lote. Muda wote huo ni mfupi kuliko kusubiri chipsi zako ziive.

Tulipomaliza nikamuuliza swali la kiandishi: mama, kwa nini hukiuzi hiki?

Majibu yake yalikuwa ya mfanyabiashara. Kwanza, unga wa sembe uko kila duka, ila unga wa uwele inabidi uutafute, na usipomjua anayekuuzia unaletewa wenye mchanga, maana uwele ukipurwa chini kokoto nazo zinapanda. Mteja akisikia mchanga jinoni mara moja tu, harudi. Pili, mlenda ni chakula cha moto. Wali unakaa kwenye hotpoti tangu saa tano, mlenda ukipoa umeharibu biashara. Tatu, na hapa akashusha sauti, "Mwanangu, mimi nauza kinachoulizwa. Tangu nimekuja hapa hakuna aliyekaa pale mbele akaniuliza mlenda."

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, wadau.

Dodoma hupata mvua isiyofika hata milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, tena msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Mahindi hayaipendi hali hiyo. Mvua ikikata wiki tatu wakati yanachanua, mkulima anavuna mabua. Uwele na mtama huvumilia, ndiyo maana wazee walivilima. Kwa miaka mingi, tangu wakoloni hadi leo, kila ukame ukija viongozi hupanda majukwaani kuwaambia Wagogo walime mazao yanayostahimili ukame. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo na daftari langu. Halafu mkutano unafungwa, tunaitwa chakula, na kwenye meza nzima huoni hata punje moja ya mtama! Wali, sembe, chipsi, soda. Mkulima tunamhimiza alime kitu ambacho sisi wenyewe hatuko tayari kukila hapo hapo kilipolimwa.

Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi, uwele, ulezi, mtama na ndugu zao, kwa pendekezo la India. Ni vizuri. Lakini mwaka ulipita na menyu ya mchana ya Mtumba haikupata habari. Mtama mweupe kiasi fulani una soko kwenye viwanda vya bia, kwa hiyo tunaunywa bila kujua. Kuula ndiyo kazi.

Kuna wanaosema hiki ni chakula cha njaa, kwa hiyo watu wakipata hela wanakikimbia. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu historia ya njaa Ugogo ipo kweli. Kati ya mwaka 1917 na 1920 ilikuwepo njaa kubwa inayoitwa Mtunya. Majeshi ya vita vya Wajerumani na Waingereza yalichukua nafaka na ng'ombe wa watu, vijana wakabebeshwa mizigo ya vita, kisha mvua zikakosekana. Watu walikufa kwa maelfu. Lakini angalia vizuri: uwele na mlenda havikuleta njaa ile. Mzigo mkubwa wa lawama uko kwa waliokuja wakachukua chakula ghalani. Mlenda ulikuwa miongoni mwa vitu walivyobaki navyo watu baada ya vingine kuondoka. Mtu aliyekusaidia kwenye shida, siku ukipata gari unampita kituoni?

Na kama ni suala la utelezi, basi tuwacheke wengi. Mlenda una majani ya aina kadhaa, na mmoja wa mimea hiyo ndio ule Wamisri wanaouita mulukhiya, wanaupika kwa kitunguu saumu na supu ya kuku na kujivunia mbele ya wageni. Miaka zaidi ya 1000 iliyopita mtawala wao al-Hakim aliwahi kuupiga marufuku, na wapi, wameendelea kuula hadi leo. Wayoruba wa Nigeria wanauita ewedu na wanaweka kwenye sherehe. Waluhya wa Kenya wanao mrenda wao na hawauombei radhi. Unateleza Cairo na Lagos kama unavyoteleza Mtumba. Tofauti ni kwamba kule haufunikwi mgeni akitokea.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Moshi, nilipomweleza haya aliniambia, "Acha watu wale wanachotaka bwana. Unataka kulazimisha watu mlenda?" Ana hoja. Simlazimishi mtu, na sijaacha wali wala sina mpango huo. Tena sitaki huu mlenda ugeuzwe chakula cha maonyesho, unapikwa siku ya mgeni rasmi, unapigwa picha, kesho yake tunarudi kwenye chipsi. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Mtu hawezi kutaka kitu ambacho hakipo mezani, na mama hawezi kukiweka mezani bila kuulizwa. Mmoja lazima aanze, na mwenye mshahara ndiye mwenye nafasi ya kuanza. Mama lishe akipika sufuria likabaki, hasara ni ada ya mtoto. Mimi nikiuliza nikakosa, nimepoteza nini?

Basi nikaanza. Nilikusanya wenzangu watano, tukaenda kwa mama tukamwambia: Alhamisi, sahani sita, tunalipa leo, tutafika saa saba kamili ili mlenda usipoe. Unga nilimletea mimi kutoka kwa mama yangu, uliopetwa na kuoshwa, hauna mchanga.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa sherehe. Mmoja alikula vijiko viwili (ndiyo, aliomba kijiko) akaagiza chipsi. Mwingine alimaliza lakini hakusema kitu. Yule wa Moshi, huyo huyo aliyenibishia, aliramba bakuli akauliza kama kuna nyongeza. Na mzee mmoja wa makamo, amevaa suti, tusiyemfahamu, alikuwa meza ya jirani na sahani yake ya wali. Akatutazama muda mrefu, kisha akamwita mama taratibu, akamuuliza kwa Kigogo kama umebaki.

Ulikuwa umebaki kidogo. Mama akampelekea pale pale mbele, mbele ya watu wote, bakuli likiwa wazi.

Nilitoka pale nikampigia simu mama yangu. Nikamwambia ile habari ya chuoni, ya "kwetu hatuli", ambayo sikuwahi kumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na huo mlenda wa huyo mama, aliweka karanga?" Nikamwambia aliweka. Akasema, "Haya, basi vizuri."

Alhamisi hii mama atapika tena, sahani kumi. Nne bado hazina mwenyewe. Ukiwa Mtumba saa saba, njoo nyuma ya banda, au bora zaidi, kaa mbele kabisa na uulize kwa sauti.

Nawasilisha.