TUSIUZE MACHUNGWA YETU KWA SURA YA WATU WENGINE

Ndugu wanaushirika,

Juzi tumeonyeshwa kwenye simu mfano wa ukurasa wa intaneti ambao fundi mmoja wa mjini anataka kuututengenezea, ili wanunuzi wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi watuone kabla hawajafika Handeni. Ukurasa tunautaka. Maana yake mlanguzi anayenunua machungwa yakiwa bado mtini hatakuwa tena ndiye mlango wetu pekee. Lakini mfano ule tunaupinga, na sababu tunazieleza hapa ukutani. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Kwanza, picha. Machungwa ya pale ni manjano tupu. Hebu tuulizane, nani kati yetu anavuna ya namna ile? Ganda la chungwa hugeuka manjano likipatwa na baridi ya usiku. Huku kwetu usiku una joto, kwa hiyo ganda hubaki kijani hata tunda likiwa limeiva na limejaa maji matamu. Nchi nyingine hata huyatia hewa maalumu ghalani ili kijani kitoke. Sasa mnunuzi ameona manjano, lori linamshushia kijani. Atasema nini? Atasema tumemvunia mabichi. Atashusha bei au atakataa mzigo, uozee sokoni. Hasara hiyo siyo ya fundi, ni yetu.

Pili, watu. Yule mkulima anayecheka pale hatumjui, na shamba lake siyo la huku. Mama zetu wanaochuma na vijana wanaobeba matenga hawamo hata mmoja.

Tatu, maneno. Eti sisi ni "kampuni inayoongoza kimataifa". Uongo mtupu! Sisi ni ushirika wa wakulima.

Wapo wenzetu wanaosema mteja wa mjini hataki mambo ya shamba, anataka ukubwa. Ndugu, si kweli. Mtazameni mama muuza machungwa stendi ya Korogwe. Hupasua moja, akampa abiria aonje, akamwambia limetoka wapi. Ganda ni kijani, lakini abiria anafungua pochi. Amenunua kwa sababu ameonja na ameuona uso wa muuzaji. Basi ukurasa wetu ufanye kazi ya mama yule.

Tena tazameni wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao chama chao kikuu, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933. Kahawa ya huko inajulikana mpaka Japani kwa jina la mlima wao. Hawakuazima mlima wa mtu.

Sisi tuliopita darasa la kisomo tunajua uchungu wa jambo hili. Zamani tulikuwa tunatia dole gumba kwenye karatasi ambazo wengine wameandika. Tukajifunza kwa jasho, usiku, kwa taa ya chemli, na neno la kwanza tulilotaka kuliandika lilikuwa jina letu. Leo tumepata mahali pa kuliandika likaonekana mbali, halafu tuweke sura na maneno ya mtu mwingine? Hilo ni kurudi kwenye dole gumba.

Kwa hiyo tunadai:

1. Picha zipigwe hapa kijijini, na kila mtu aombwe ruhusa kwanza.
2. Chungwa la kijani lionyeshwe limepasuliwa, na ielezwe kwa nini ni kijani.
3. Jina la kijiji, la ushirika na namba ya simu ya ofisi yawe juu kabisa. Anayepiga ajibiwe na mtu wa hapa.
4. Bei, aina ya chungwa na siku ya kuchuma viandikwe. Uzito uwe wa mzani, siyo lumbesa.
5. Msimu ukiisha tuseme umeisha. Mvua ikiharibu tuseme imeharibu.
6. Maneno tuyaandike wenyewe, kwa Kiswahili chetu. Fundi atengeneze, asitusemee.

Fedha za kumlipa fundi ni za wanachama wote. Basi jambo hili lisiamuliwe na watu wawili ofisini. Liletwe mkutano mkuu, na kila mwenye mchungwa aje aseme.

Njia ya mwongo ni fupi. Mnunuzi hudanganywa mara moja tu, msimu wa pili hapigi simu.

Ushirika ni nguvu!

Katibu,
kwa niaba ya wenzake wa kisomo