Kupumua Si Kupona

Wasee, leo sibembelezi mtu. Kama una pumu na dawa yako yote ni ile inhela ya buluu inayokaa kwa mfuko wa jinzi, hujatibiwa. Umetulizwa tu.

Najua kwa sababu mimi niliishi hivyo miaka sita. Nikiwa kidato cha pili, inhela yangu ilifungiwa kwa kabati ya matroni, naye akaenda nyumbani wikendi na ufunguo. Usiku huo nilivuta hewa kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija wa soda. Lakini hata hiyo si hasira yangu kubwa. Kinachoniuma ni kwamba miaka hiyo yote hakuna mtu, si shuleni, si kwa chemisti ya mtaa, aliyeniambia kwamba hiyo ya buluu haigusi ugonjwa wenyewe.

Hebu tuingie ndani ya kifua. Pumu ya vijana wengi inatokana na mzio. Mwili unakutana na kitu kisicho na shida, kama vumbi lenye kinyesi cha wale wadudu wa godoro wasioonekana kwa macho, ama uchafu wa mende, na unakichukulia kama adui. Unatengeneza antibodi inayoitwa IgE, ile ambayo Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko waliitambua mwaka 1966. Hizo IgE zinajibandika juu ya seli za masti kwenye njia za hewa, zinangoja. Siku ile kitu kinarudi, kinaunganisha IgE mbili, na seli inamwaga mzigo wake: histamini na leukotrieni. Dakika chache tu, misuli inayozunguka mirija ya hewa inajikaza. Ndiyo ile filimbi unasikia kifuani.

Hapo unatoa ya buluu, salbutamol. Inashika vipokezi vya beta-2 kwenye hiyo misuli na kuilegeza. Ndani ya dakika tano uko sawa, umerudi uwanjani. Baada ya saa nne hadi sita, nguvu yake imeisha.

Na sinema bado inaendelea. Saa chache baadaye linakuja wimbi la pili. Seli za kinga zinatumiana jumbe za kemikali, interlukini. Namba 5 inaita eosinofili, seli za kuchokoza vita. Namba 13 inaamrisha makohozi. Kuta za mirija zinavimba, na zikiachwa hivyo miaka, zinaweza kuwa nene. Salbutamol haizimi hii kitu. Jikoni kunaungua, wewe umefungua dirisha moshi utoke, kisha umeketi.

Kinachozima ni steroidi ya kuvuta, mara nyingi ile ya kahawia. Inaingia ndani ya seli na kupunguza kazi ya jeni zinazotengeneza hizo jumbe. Shida ni kwamba haikupi raha ya papo hapo, so watu wanaitupa wiki ya kwanza.

Kisha wanakuja wale wa "ukianza inhela utazoea." Buda, mwenye miwani amezoea miwani? Ama ni macho ndiyo yanaihitaji? Na wale wa "steroidi ni za gym": hizo ni dawa tofauti kabisa. Hii ya kuvuta ni dozi ndogo inayoenda kwa mapafu. Ukimaliza, sukutua mdomo na uteme.

Haya si maoni yangu. Mwaka 2019, GINA, wataalamu wa pumu wa dunia nzima, waliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa buluu pekee. Wanasema ukimaliza makopo matatu ama zaidi kwa mwaka, hatari ya kushikwa vibaya inapanda. Ukifika kumi na mawili, hatari ya kifo inapanda. Mwaka huohuo pumu iliua watu kama 455,000 duniani, kwa hesabu za WHO. Watu, si namba.

So nauliza. Kwa nini chemisti ananiuzia kopo la nne bila hata kuniuliza nalimaliza aje? Kwa nini ya kahawia nilizunguka maduka matatu ndiyo niipate, na bei ikanifanya nikae chini? Kwa nini inhela ya mwanafunzi inafungiwa kama simu iliyonaswa?

Usitupe ya buluu. Ukishikwa, itumie, na kama haisaidii, kimbia hospitali. Lakini leo hesabu makopo yako ya mwaka huu. Yakifika matatu, nenda kliniki na umwambie daktari hivi: "Nataka dawa ya kuzima uvimbe." Usitoke hapo mpaka akujibu.