Mizani ya Ubunifu Imeshikwa na Nani?

Katika nchi jirani imeenea desturi ya kuzipima serikali za mitaa: ipi ina ubunifu, ipi imezubaa, ipi ya kwanza na ipi inavuta mkia. Sisi wafanyakazi hatuipingi desturi hiyo. Halmashauri inayoendeshwa kwa kodi na ushuru wetu lazima ipimwe. Lakini kila mchuma chai anajua kwamba kabla ya kuuliza uzito wa kikapu, yafaa kuuliza nani ameshika mizani, na kama mchumaji anaruhusiwa kuusoma mshale.

Tuitazame Rwanda. Tangu mwaka 2006 mameya wa wilaya wametia sahihi mikataba iitwayo imihigo mbele ya Rais wa nchi. Jina hilo limetokana na mila ya kale ya mtu kuweka nadhiri hadharani kwamba atatenda jambo fulani. Meya huahidi barabara, madarasa, maji na mavuno. Mwaka ukiisha hukaguliwa, hupewa alama, na wilaya hupangwa kwa mstari. Utaratibu huu una sifa yake: kiongozi anatoa ahadi ya wazi, akijua kwamba siku ya kuulizwa itafika.

Hata hivyo, kutimiza ahadi si sawa na kubuni. Meya anayeogopa alama ndogo ataahidi lile analoweza kulihesabu na kulimaliza. Hatathubutu kujaribu njia mpya ambayo huenda ikashindikana. Tena watafiti waliofanya kazi vijijini Rwanda wameeleza jinsi shinikizo la alama linavyoteremka kutoka kwa meya hadi kwa mkulima, ambaye naye huwekewa imihigo ya kaya yake. Mfanyakazi wa ngwe anaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Meneja akibanwa, mnyapara hubanwa. Na mwisho wa yote jasho humtoka mwenye jembe.

Sasa tutazame Kenya. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, nazo zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013. Makueni, kaunti yenye ukame, ilianzisha mikutano kuanzia kijijini, ambamo wananchi walichagua miradi na kamati zao za kuisimamia. Kamati ilitakiwa kuridhika na kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Mwaka 2016 kaunti hiyo ilianzisha mpango wa matibabu ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Mwaka 2017 kikaanza kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba. Kamati, bima na kiwanda si vitu vya ajabu. Jambo jipya lilikuwa kwamba neno la mwananchi wa kawaida lilipewa nguvu juu ya fedha za serikali.

Kwa hiyo tunasema: ubunifu wa halmashauri haupimwi kwa idadi ya kompyuta ofisini, wala semina, wala vibao vya rangi barabarani. Yako maswali manne ya kuuliza. Nani alichagua mradi? Ni shida gani ya zamani iliyopungua? Nani aliikagua kazi kabla ya malipo? Na pale jambo liliposhindikana, je, lilitangazwa wazi ili wengine wajifunze, au lilifichwa ili alama zisishuke?

Sisi tunaoishi katika kambi za mashamba na vyumba vya kupanga karibu na viwanda tuna sababu kubwa zaidi ya kuuliza. Mara nyingi tukidai maji, kijiji hutuambia hilo ni jukumu la tajiri. Tukimwendea tajiri, hutuambia ni kazi ya serikali. Halmashauri inaweza kupata alama za juu huku kambi yetu haimo katika hesabu.

Hapa Tanzania sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe walau kila miezi mitatu. Ndugu wafanyakazi, tusiwaachie wengine mikutano hiyo. Kila tawi lihimize wanachama wake wahudhurie, wadai kusomewa mapato na matumizi, na wayaulize maswali haya manne mpaka yajibiwe.