Kompyuta za Zamani Zisitupwe Jaani

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma za kawaida kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10. Watumiaji wa majumbani walipewa nafasi ya kujiandikisha wapate mwaka mmoja wa nyongeza wa kinga. Mfumo unaofuata, Windows 11, una masharti ambayo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziyatimizi.

Kwa tajiri hilo ni shauri la kwenda dukani. Kwetu sisi wa Visiwani, ambao kompyuta nyingi za nyumbani huletwa zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo, ni shauri zito. Si haki mzazi aliyejinyima ili mwanawe asome aambiwe leo kwamba chombo chake kizima kimekuwa taka. Wala si busara akimbilie nakala za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi.

Njia ya halali ipo. Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitoa kiini cha mfumo kijulikanacho kwa jina la Linux. Kiini hicho kiliungana na programu za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, na hivyo ukapatikana mfumo endeshi kamili ambao kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa.

Ruhusa hiyo ya kugawa ina maana kubwa kwa watu wa visiwa. Nakala ya Linux Mint ni kama gigabaiti 3. Mtu mmoja akiichukua mjini ambako mtandao ni mzuri, anaweza kuivusha Pemba katika flashi moja, na mtaa mzima ukanakili bila senti kulipwa wala sheria kuvunjwa.

Mifumo ya jamii hii ni mingi: Debian ilianza mwaka 1993, Ubuntu mwaka 2004, Linux Mint mwaka 2006. Wingi huo usimtishe mtu, kwani mchagua jembe si mkulima. Mwenye kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na achague Linux Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi na haimpotezi aliyezoea Windows.

Haraka haraka haina baraka. Kwanza, nyaraka na picha zote zinakiliwe mahali pengine, kwa kuwa anayefuta diski hufuta kila kilichomo. Pili, mfumo ujaribiwe kutoka kwenye flashi kabla ya kuingizwa, na ihakikishwe kwamba sauti, mtandao na mashine ya kuchapia vinafanya kazi. Tatu, betri ijazwe, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi, kazi yote itaharibika. Mwenye programu isiyokubali Linux, kama zile za baadhi ya wahasibu, anaweza kuiweka mifumo yote miwili katika diski moja.

Hata lugha si kikwazo kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba programu huria zinaweza kusema lugha ya wananchi, mradi wapatikane wa kuzitafsiri.

Kwa viongozi wa Serikali tuna neno. Mwananchi hawezi kujikomboa nyumbani ikiwa fomu anayoihitaji ofisini hufunguka kwa programu ya kampuni moja tu. Muundo huria wa nyaraka, ODF, umekuwa kipimo cha kimataifa tangu mwaka 2006. Tunazishauri idara zitoe fomu zake katika muundo huo au katika PDF, na kila ofisi inayotaka kuuza kompyuta kuukuu kwa bei ya chuma chakavu izijaribu kwanza kwa mfumo huria, kisha izipeleke shuleni.

Fedha za kununulia kompyuta mpya hutoka nje ya Visiwa na hazirudi. Maarifa ya kuifufua ya zamani hubaki hapa hapa, nayo hurithiwa. Wazazi, walimu na maofisa wetu wasingoje kuhimizwa mara ya pili.