Wale ni Nani? Magofu ya Anga, Michezo ya Tarakilishi na Fasihi ya Kiswahili

Mjadala kuhusu mipaka ya fasihi simulizi si mgeni katika idara za Kiswahili. Kwa miaka mingi wanafunzi wamefundishwa kwamba fasihi hiyo ina fanani, ina hadhira, ina utendaji, na kwamba hubadilika kila inapotendwa. Wamefundishwa pia, aghalabu kwa sauti ya huzuni, kwamba jamvi la bibi limekunjwa na redio, televisheni na rununu. Hili la pili halina budi kuchunguzwa upya. Mtu akifika Kangari, mji mdogo wa Kigumo katika kaunti ya Murang'a, uliozungukwa na mashamba ya chai, hatakosa kuwaona vijana wakati wa jioni, majani yakishapelekwa kwenye kituo cha kupimia, wameinamia simu au wamebanana mbele ya kiwambo katika kibanda cha michezo ya video. Wanacheza. Wanakufa, wanachekana, wanaanza upya. Mzee anayepita huona uvivu. Mhadhiri wa fasihi simulizi alipaswa kuona jambo jingine, lakini naye hupita.

Katika michezo ya namna hiyo ipo jamii moja inayostahili kutazamwa kwa makini na watu wa fasihi. Ni ile ambamo mchezaji huingia ndani ya chombo cha anga kilichotelekezwa, akapekua vyumba vyake gizani, akapora anachoweza kubeba, akapambana na viumbe waliomo na kutoka kabla hewa haijamwishia. Akifa, amekufa. Harudishwi pale alipoangukia, bali huanza safari nyingine, nayo haifanani na ile ya kwanza kwa sababu tarakilishi imekwisha kuvipanga upya vyombo, vyumba na maadui. Mfano mzuri ni Void Bastards, mchezo uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Blue Manchu ya Australia, inayoongozwa na mbunifu Jonathan Chey. (Jina la mchezo lina tusi ndani yake, heri libaki katika Kiingereza chake.) Mhusika ni mfungwa. Yumo pamoja na wenzake wengi ndani ya jahazi la gereza lililokwama katika wingu la nyota, naye hutumwa nje kupekua meli zilizokufa ili alete vipuri, chakula na mafuta. Akiuawa, mfungwa mwingine hutolewa mahali pake, mwenye jina lake, kosa lake na kasoro zake, na kazi ikaendelea. Vifaa alivyounda marehemu hubaki; marehemu mwenyewe hakumbukwi. Miongoni mwa kazi za mwanzo anazopewa ni kutafuta vipande vya kuundia kitambulisho cha uraia, kwani mitambo ya jahazi haimtii mtu asiye nacho. Kijana wa Kangari aliyetimiza miaka 18 na kupanga foleni ya kitambulisho hahitaji kufafanuliwa kejeli hiyo.

Umbo la mchezo wa aina hii lilizaliwa chuo kikuu. Karibu na mwaka 1980 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Michael Toy na Glenn Wichman, walitunga mchezo ulioitwa Rogue. Baadaye Ken Arnold akajiunga nao. Haukuwa na picha. Kila kilichomo kiliandikwa kwa herufi na alama za kibodi: mchezaji alikuwa alama ya @, na kila adui alikuwa herufi kubwa moja, kuanzia A hadi Z. Vyumba vya pango vilipangwa upya kila mara, na aliyekufa alionyeshwa kaburi lake kabla ya kurudi mwanzo. Michezo ya jamii hiyo, hata ile yenye picha za kung'aa, imerithi kanuni mbili kutoka kwa herufi hizo: mpangilio usiorudiwa na kifo kisichofutika.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kanuni ya kwanza si ngeni hata kidogo. Mwaka 1928 Vladimir Propp alionyesha kwamba ngano za Kirusi alizozichunguza zilijengwa kwa matendo 31 yanayofuatana, ingawa wahusika na mandhari hubadilika. Mwaka 1960 Albert Lord, akiendeleza utafiti alioufanya na mwalimu wake Milman Parry miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alieleza kwamba mwimbaji hakariri utendi neno kwa neno. Huutunga papo hapo kutokana na hazina ya fomula na maudhui yaliyozoeleka. Tarakilishi inayopanga meli mpya kila mchezaji anapokufa inafanya nusu ya kazi hiyo. Inayo hazina ya vyumba, maadui na vikwazo, nayo huvichanganya kwa kanuni. Nusu ya pili haiwezi. Haijui kwamba hadhira imechoka, wala haisikii mtoto akivuta pumzi kwa hofu ili ipunguze sauti na kuliacha zimwi lisimame mlangoni kidogo zaidi. Huo ndio mpaka halisi kati ya mchezo na ngano, na ungefaa kujadiliwa darasani kuliko ule mpaka wa zamani wa mdomo na maandishi ambao kila mtahiniwa amekwisha kuukariri.

Wala wazo la utungo ulio mchezo halikuletwa na tarakilishi. Nchi ya Mlima Kenya ilikuwa na gĩcandĩ, majibizano ya kishairi ya Agikuyu yaliyosheheni mafumbo. Watendaji wawili walishindana mbele ya watu, kila mmoja na kibuyu chake kilichochongwa alama, na aliyeshindwa kufumbua aliweza kunyang'anywa kibuyu hicho. Vittorio Merlo Pick alichapisha mkusanyiko wa vitendawili na gĩcandĩ mwaka 1973, na Kimani Njogu ameichambua sanaa hiyo bega kwa bega na kujibizana kwa washairi wa Kiswahili. Ni vigumu kumpata mhadhiri atakayesema kwamba gĩcandĩ si fasihi kwa sababu ina mshindi na mshindwa. Basi kijana wa Kangari anayepoteza kila kitu kwa kosa moja la kidole hafanyi jambo ambalo babu zake wasingelielewa.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Mzazi anayelipa karo kwa bonasi ya majani chai ana haki ya kuuliza saa tatu za jioni zimekwenda wapi. Anayechanganya michezo hii na mashine za kamari anakosea, lakini kosa lake linaeleweka, maana vitu hivyo viwili mara nyingine hukaa mtaa mmoja. Ama hoja ya umwagaji damu, hiyo ni dhaifu zaidi. Ngano za marimu zinazosimuliwa katika vilima hivyohivyo zimejaa watu waliomezwa wazima. Tofauti ni kwamba katika ngano, irimu akatwapo kidole, waliomezwa hutoka wakiwa hai, wakarudi nyumbani. Kifo cha ngano hufumbuliwa.

Tatizo la michezo hii liko kwingine kabisa. Liko katika swali ambalo mchezaji hapewi nafasi ya kuliuliza anapoingia katika gofu la chombo kisicho chake na kukutana na aliyemo: wale ni nani? Katika Void Bastards maadui walikuwa raia. Wingu la nyota limewageuza, lakini bado wanaitwa kwa majina ya maisha yao ya kale, watalii, wagonjwa, wasafishaji. Mchezo huo, tofauti na mingi ya jamii yake, umekiri kwamba zimwi lilikuwa mtu. Hatua ya pili haikupigwa. Mchezaji anacho kitufe cha kufyatua na kitufe cha kupora. Cha kuuliza hakuna. Katika mingine, ambamo meli ni za viumbe wa sayari za mbali, hata ungamo hilo la nusu halipo. Mwenye chombo ni shabaha tu, na mali yake ni halali ya aingiaye na bunduki. Wasomi wa Afrika Mashariki, ambao wamesoma historia ya misafara na ya makampuni yaliyopewa hati za kutawala, wanapaswa kuitambua hadithi hiyo hata ikivalishwa kofia ya mwanaanga.

Na hapa Kiswahili kina jambo la kusema, kwa kuwa kilikwisha kulisema. Mwaka 1995 Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi. Mhusika wake, Dzombo, amehukumiwa kifo, na hukumu yenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani. Ni mwanzo uleule: mfungwa, chombo, utupu. Lakini Dzombo anafaulu kukiongoza chombo hicho mpaka akatua katika ulimwengu mwingine, na huko hakuti mali ya kupora. Anakuta watu, na jamii yenye haki iliyo kioo cha ile iliyomtupa. Jina la ulimwengu huo ni sentensi nzima iliyobanwa ikawa neno: wale ni sisi. Mkangi hakuandika juu ya kifungo kwa kusikia. Mwaka 1986 serikali ilimtia kizuizini. Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani. Riwaya yake husifiwa katika mihadhara kama bunilizi ya kisayansi ya kupigiwa mfano, kisha hurudishwa kwenye rafu. Haijawachochea wanafunzi wenyewe kuunda chombo kingine.

Udhuru kwamba anga si mandhari yetu hauna mashiko. Mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, yamesimama baharini majukwaa ya chuma ya mradi wa San Marco, ambapo Waitalia walirushia setilaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Roketi haziondoki tena hapo; chuma kimebaki na chumvi. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka majukwaa hayo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza eksirei za anga, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, Wamarekani waliiita Uhuru. Neno la Kiswahili lilikwenda angani zaidi ya nusu karne iliyopita. Na tarehe 30 Desemba 2024 anga lilirudisha salamu: pete kubwa ya chuma, yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Wanakijiji hawakwenda kulitafuta gofu hilo; liliwafuata shambani. Hadithi ya mtu anayeangukiwa na meli ya wengine bado haijatungwa, na hakuna aliye karibu nayo kuliko msemaji wa Kiswahili.

Watunzi wa michezo nchini Kenya hawajalala. Mwaka 2015 kampuni ya Black Division Games ya Andrew Kaggia ilitoa Nairobi X, mchezo wa kufyatua risasi ambamo viumbe wa anga wanauvamia mji mkuu. Ilikuwa hatua ya kuheshimiwa, kwa kuwa angalau mvamizi na mvamiwa walibadilishana nafasi, ingawa bunduki ilibaki ndiyo lugha ya mazungumzo. Wanaojua kuandika programu wapo Nairobi, wapo Nyeri na wapo Murang'a. Ambao hawajaonekana mezani pao ni watu wa Kiswahili, wanaojua jinsi zimwi linavyozungumza, jinsi fumbo linavyotegwa na jinsi mhusika anavyotofautishwa na mwenzake kwa lafudhi tu. Idara nyingi zingali zikimruhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kuchambua riwaya ileile iliyochambuliwa na kaka zake watatu. Akiomba kuutunga mchezo, na kuutetea mbele ya jopo kama tasnifu inavyotetewa, huambiwa aende kwa watu wa sayansi.

Kazi yenyewe haihitaji mtaji. Void Bastards inadai tarakilishi yenye nguvu ambayo vijana wengi wa Kangari hawana, lakini Rogue ilidai herufi tu, na herufi kila idara inazo. Z iwe zimwi, N iwe nunda, J jini, I irimu. Q na X, ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, ziwe vyumba vitupu. Milango ifunguke kwa vitendawili vilivyokusanywa na wanafunzi wenyewe nyanjani, vya Kigumo na vya Pemba, ili kila safari ichote vingine kutoka hazinani. Chombo kiwe kimetelekezwa kama inavyotakiwa, na hewa iwe ya kuisha. Kisha mchezaji anapofika mlangoni awe na vitufe viwili: R ya risasi na H ya hodi. Akibisha hodi, anaweza kujibiwa karibu, anaweza kutegewa fumbo, anaweza kumezwa. Akifyatua, atapata vipuri vyake, lakini milango iliyobaki ya safari hiyo haitamwitikia tena.

Programu hiyo ni ndogo kiasi kwamba mwanafunzi mmoja wa tarakilishi na wawili wa Kiswahili wanaweza kuikamilisha katika likizo moja ndefu. Kinachongojewa ni idara moja ikubali kuisahihisha.